Mionzi ya kulenga na mishipa mikubwa ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wagonjwa na jamaa zao, Unguja na Pemba

Maswali haya huulizwa na watu ambao jamaa yao ameambiwa ana uvimbe kwenye pafu, ini, kongosho au tezi zilizo karibu na mgongo, na kwamba atapigwa mionzi ya nguvu kwa siku chache tu badala ya wiki nyingi. Mara nyingi mtu anarudi na karatasi ya mpango wa tiba, anaona neno "aorta" likifuatwa na namba, na usingizi unampaa. Namba zilizoandikwa hapa ni za kukusaidia uulize swali la maana unapokaa na daktari. Si za kumpimia kazi yake, kwa sababu yeye anaona picha za mgonjwa wako na sisi hatuzioni.

Mionzi ya kulenga ni ipi? Siyo hii hii ya wiki sita?

Mashine inaweza kuwa moja, lakini mtindo si mmoja. Kwenye mionzi ya kawaida mgonjwa wa saratani ya pafu hupewa, kwa mfano, grei 60 zilizogawanywa kwenye vikao 30, grei 2 kila siku, siku tano kwa wiki. Kwenye mionzi ya kulenga anaweza kupewa grei 50 kwa vikao 5, au grei 54 kwa vikao 3. Kila kikao ni kizito, na miale huja kutoka pande nyingi ikakutana kwenye uvimbe, ili pale ilipokutana dozi iwe kubwa na pembeni ishuke kwa haraka. Mtindo huu wa mwilini ulianzia Stockholm, katika taasisi ya Karolinska, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukifuata njia ambayo daktari Lars Leksell aliianzisha kwa kichwa mwaka 1951.

Grei, ambayo kwenye karatasi yako imeandikwa Gy, ni kipimo cha nishati ya mionzi iliyofyonzwa na mwili: joule 1 kwa kila kilo 1 ya nyama. Jina limetokana na mwanafizikia Mwingereza, Louis Harold Gray.

Tiba hii inapatikana Zanzibar?

Kwa miaka mingi wagonjwa wa Unguja na Pemba wanaohitaji mionzi ya aina yoyote wamekuwa wakipewa rufaa kuvuka maji kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Dawa za saratani za kutundikiwa hutolewa Mnazi Mmoja. Wengine hupelekwa India. Mionzi ya kulenga ya mwilini inahitaji linaki, yaani mashine ya umeme inayotengeneza miale, yenye uwezo wa kupiga picha mgonjwa akiwa amelala mezani, CT skani inayofuata pumzi, na mwanafizikia tiba, yaani mtaalamu wa kupanga na kupima dozi, mwenye muda wa kukaa na mpango. Mashine ya kobalti ya kawaida ni nzuri kwa mambo mengi, lakini si kwa hili. Kwa hiyo ukiambiwa usubiri kituo fulani, au upelekwe mbali zaidi ya ulivyotarajia, mara nyingi sababu ndiyo hiyo.

"Mishipa mikubwa" ni ipi hasa?

Kifuani ni aota, yaani mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo na kushuka mpaka tumboni, pamoja na vena kava inayorudisha damu kwenye moyo. Wataalamu wengi huongeza ateri ya mapafu na vena zake. Shingoni ni karotidi, moja kila upande. Nyongani ni matawi ya aota yanayokwenda miguuni.

Kuna jambo dogo linalowatatiza watu wakisoma karatasi. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliojulikana kama RTOG 0813, ambao taratibu zake zimeigwa na hospitali nyingi, uvimbe ukiwa kulia mtaalamu alitakiwa achore vena kava, na ukiwa kushoto achore aota. Alichora kuanzia sentimita 10 juu ya uvimbe mpaka sentimita 10 chini yake, picha baada ya picha. Basi usishangae ukikuta mgonjwa mmoja ana "aorta" kwenye karatasi na mwenzake hana.

Damu inapita tu, haikai. Mshipa unadhurikaje?

Swali zuri, na nusu ya jibu imo ndani yake. Damu kweli inapita: kila chembe inakaa kwenye miale kwa muda mfupi mno. Kinachokaa ni ukuta.

Ukuta wa aota una matabaka matatu. Ndani kabisa kuna utando laini unaogusana na damu. Katikati kuna nyuzi zinazonyumbuka, ambazo ndizo zinazouwezesha mshipa kutanuka na kurudi kila moyo unapopiga. Nje kuna tabaka gumu kidogo ambamo hupita vishipa vidogo sana vinavyoulisha ukuta wenyewe, kwa sababu aota ni nene na haiwezi kujilisha yote kutoka kwenye damu iliyomo ndani yake. Dozi kubwa huudhuru ule utando wa ndani, na polepole huviziba vile vishipa vya nje. Tabaka la katikati likikosa chakula linakakamaa na kudhoofika. Baada ya miezi au miaka, mafuta yanaweza kujikusanya hapo mapema kuliko umri wa mtu, ukuta unaweza kutuna, na mara chache sana ukapasuka.

Hilo la mwisho ndilo linaloogopwa, kwa sababu likitokea kwenye aota, muda wa kumsaidia mtu ni mdogo mno. Kwa uchache wake halifanani na ukavu wa koo au ngozi kuwasha. Lakini uzito wake ndio uliofanya wataalamu waandike ukomo.

Ukomo wenyewe ni grei ngapi?

Jedwali linalotumika sana ni la jumuiya ya wanafizikia tiba wa Marekani, lililotoka mwaka 2010 katika ripoti inayoitwa TG-101. Kwa mishipa mikubwa linasema hivi (cc 1 ni mililita 1):

Kikao 1: sehemu yoyote ndogo ya mshipa isizidi grei 37, na ujazo wa mshipa unaofikia grei 31 uwe chini ya cc 10.

Vikao 3: isizidi grei 45, na unaofikia grei 39 uwe chini ya cc 10.

Vikao 5: isizidi grei 53, na unaofikia grei 47 uwe chini ya cc 10.

Ukilinganisha na majirani wake, utaona mshipa mkubwa ni mvumilivu. Kwa vikao 5 jedwali hilo hilo linaupa uti wa mgongo grei 30 tu, umio grei 35, moyo grei 38, na mabomba makubwa ya hewa grei 40. Ndiyo maana mara nyingi mpango ukibanwa kifuani, kinachoubana si aota. Tumboni ni hivyo hivyo: utumbo mwembamba wa mwanzo, unaopita jirani na kongosho, ndio unaomkosesha mwanafizikia raha, si mshipa uliopo nyuma yake.

Kwa nini kila idadi ya vikao ina namba mbili?

Moja inalinda doa, nyingine inalinda kipande. "Sehemu ndogo" kwenye jedwali hilo ni cc 0.035, pungufu ya tone moja la maji. Cc 10 ni kama vijiko viwili vya chai. Ukuta unaweza kustahimili doa dogo la dozi kubwa kwa sababu majirani zake wazima huja kulifukia. Kipande kirefu kikipigwa chote, hakuna mzima wa kusaidia. Kwa hiyo mpango unaweza kupita namba ya kwanza na ukakwama kwenye ya pili, hasa uvimbe ukiwa mrefu na umelala sambamba na mshipa.

Mbona namba inapanda vikao vikiongezeka? Si mionzi ni mingi zaidi?

Jumla ni kubwa, lakini kila kikao ni kidogo. Grei 53 kwa vikao 5 ni grei 10.6 kila kimoja. Grei 37 kwa kikao kimoja zinaingia zote kwa mara moja, na mwili haupati nafasi ya kujikarabati katikati. Grei moja si sawa na grei nyingine mpaka ujue imekuja katika kikao cha ukubwa gani. Jambo hili watu hulisikia mara moja wakalisahau, na linawaponza.

Wataalamu wana kanuni ya kugeuza dozi za mitindo tofauti ziwe kwenye mizani moja. Kwa kanuni hiyo, kwa madhara ya kuchelewa kama haya ya mishipa, grei 53 kwa vikao 5 ni sawa na takriban grei 144 za mtindo wa kawaida wa grei 2 kwa siku. Ukizijumlisha grei za vikao vitano na grei za tiba ya wiki sita kama unavyojumlisha shilingi, umekosea hesabu kwa mbali. Wao wenyewe hawaiamini kanuni hiyo sana dozi za kikao zikiwa kubwa mno, ila ni bora kuliko kukisia.

Kwa mionzi ya kawaida ya wiki nyingi, ukomo ni upi?

Hakuna namba maarufu. Mkusanyiko mkubwa wa tafiti wa mwaka 2010 ulioitwa QUANTEC, ambao ndio msingi wa mipaka mingi ya mionzi ya kawaida, una sura za ubongo, mapafu, moyo, umio, ini, figo na vingine, lakini hauna sura ya mishipa mikubwa. Sababu ni kwamba kwa grei 60 au 66 za polepole aota haikuwa ikileta matatizo kwa kiasi cha kuwalazimisha watu kuichorea mpaka.

Namba hizi zimetoka wapi? Mtu alipimwa?

Hapa niseme wazi, kwa sababu watu huzitukuza namba zikishachapwa kwenye jedwali. Nyingi za TG-101 zilitokana na uzoefu wa madaktari, hesabu, na tafiti chache zilizokuwepo wakati ule, na ripoti yenyewe haikuficha hilo. Ni ukomo wa tahadhari. Siyo kwamba kwenye grei 52.9 uko salama na kwenye 53.1 mshipa unapasuka.

Lililofundisha zaidi ni matokeo ya wagonjwa. Mwaka 2006 Robert Timmerman na wenzake, Indiana, walitoa taarifa ya wagonjwa wa pafu waliopewa grei 60 hadi 66 kwa vikao 3. Waliokuwa na uvimbe pembeni mwa pafu, asilimia 83 walifika miaka miwili bila madhara makali. Waliokuwa na uvimbe katikati, karibu na mabomba makubwa ya hewa na mishipa, walikuwa asilimia 54 tu. Tangu hapo sentimita 2 kuzunguka mabomba ya hewa ikawa ni eneo la kuingia kwa adabu, na vikao vitatu vizito vikaachiwa uvimbe wa pembeni. RTOG 0813 ikafuata, ikapima vikao 5 kwa uvimbe wa katikati, ikipanda kidogo kidogo kutoka grei 10 mpaka grei 12 kila kikao.

Uvimbe wa mgonjwa wangu umegusana na aota. Ndiyo basi tena?

Hapana, lakini hapa ndipo pa kuuliza maswali mengi kuliko popote.

Madaktari wa nchi za Skandinavia walifanya utafiti ulioitwa HILUS, ukatoka mwaka 2021. Wagonjwa 65 waliokuwa na uvimbe ndani ya sentimita 1 ya mabomba makubwa ya hewa walipewa grei 56 kwa vikao 8. Kumi walifariki kwa sababu iliyohusishwa na tiba, na wanane kati yao ni kwa kutoka damu mapafuni. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kadiri uvimbe ulivyokuwa karibu na bomba kuu la hewa.

Soma tena sentensi ya mwisho. Kwenye kifua, damu ya kuua mara nyingi hutokea pale bomba la hewa, mshipa na uvimbe vinapokutana mahali pamoja. Bomba la hewa linalegea, uvimbe unayeyuka, na mshipa uliokuwa umeegemewa unabaki hauna ukuta. Kuangalia dozi ya aota peke yake, ukaridhika kwamba iko chini ya 53, ni kulinda mlango na kuacha dirisha. Muulize daktari: uvimbe umeugusa mshipa tu, au umeingia ndani ya ukuta wake? Uko umbali gani na bomba la hewa? Dozi ya bomba ni ngapi?

Majibu yakiwa mabaya, bado kuna njia. Wanaweza kuongeza idadi ya vikao na kupunguza uzito wa kila kimoja. Wanaweza kukubali upande wa uvimbe unaoelekea mshipa upate dozi ndogo kuliko katikati yake. Au wanaweza kurudi kwenye mionzi ya kawaida ya wiki sita. Familia nyingi huliona hili la mwisho kama kushushwa daraja, wakisema "tumenyimwa ile ya kisasa". Kwa uvimbe uliokaa pabaya, vikao thelathini vya taratibu vinaweza kuwa ndiyo tiba ya mtu aliyefikiriwa vizuri.

Alishapigwa mionzi kifuani miaka iliyopita. Inahesabiwa?

Inahesabiwa, na kwetu hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote. Mgonjwa wa Wete anaweza kuwa alitibiwa Dar es Salaam mara ya kwanza na India mara ya pili, faili moja liko huku, jingine kule, na mkononi ana cheti cha mstari mmoja: "alipata mionzi".

Mshipa hausahau. Mwaka 2013 Evans na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 35 waliorudiwa mionzi kifuani. Walijumlisha dozi ya aota ya tiba zote mbili kwenye mizani ya grei 1.8 kwa kikao. Waliobaki chini ya grei 120, hakuna aliyefariki kwa aota. Waliofika 120 au zaidi, robo yao walifariki kwa hilo. Wagonjwa ni wachache, lakini namba ya 120 imeshika na wengi huitazama.

Angalia mfano. Mtu alipata grei 60 kwa vikao 30, na aota ilikuwa ndani ya eneo lote. Kwenye mizani ile ni kama 62.5. Sasa anapangiwa vikao 5, na ukingo wa aota utapata grei 30. Kwa kanuni inayotumika sana hizo ni kama 56. Jumla inakaribia 119, yaani amepita kwa kubana. Ukingo huo ukipata grei 40 badala ya 30, jumla inafika karibu 154. Tofauti ya grei 10 tu kwenye karatasi mpya imembadilishia mtu hali yake yote, na hakuna awezaye kuifanya hesabu hii bila ya karatasi ya zamani.

Kwa hiyo unapomaliza tiba popote pale, usiondoke na cheti peke yake. Omba muhtasari wa tiba unaoonyesha sehemu iliyopigwa, jumla ya grei, idadi ya vikao na tarehe za kuanza na kumaliza. Omba pia nakala ya mpango wenyewe kwenye CD au flashi, pamoja na CT iliyotumika. Mhudumu akikwambia "haihitajiki", muombe kwa upole mara ya pili. Kisha usiiweke flashi kwenye mkoba mmoja na tembe.

Nisome nini kwenye karatasi ya mpango?

Tafuta jedwali lenye majina ya viungo upande wa kushoto. Mstari wa mshipa huwa na jina la kiungo, kisha sharti, kisha matokeo. Kwa mfano: "Aorta, 0.035 cc, chini ya 53 Gy, 41.7 Gy". Maana yake mpaka ni 53 na mpango umefika 41.7. Alama nyekundu au neno la kuvuka mpaka si lazima liwe kosa. Kuna wakati daktari huamua kwa makusudi kuuvuka kidogo ili uvimbe usibaki na pengo. Unachostahili ni kuelezwa kwa nini.

Angalia pia idadi ya vikao iliyoandikwa juu. Nimeona watu wakilinganisha karatasi ya vikao 8 na mpaka wa vikao 5 walioupata kwenye simu, wakapigana vita isiyokuwepo.

Na shingoni je?

Karotidi ina kisa chake. Mgonjwa aliyekwisha kupigwa mionzi ya shingo, saratani ikarudi, kisha akapewa mionzi ya kulenga mahali pale pale, anaweza kupatwa na kupasuka kwa karotidi. Ni nadra, ila ni hatari sana. Hatari hupanda uvimbe ukiwa umeuzunguka mshipa kwa nusu ya duara au zaidi. Kidonda kilicho wazi, maambukizi na upasuaji wa awali huongeza. Vituo vingi hupumzisha siku moja kati ya kikao na kikao kwa wagonjwa hawa, badala ya kufululiza.

Mke wangu ana saratani ya titi, dada yangu ya shingo ya kizazi. Haya yanawahusu?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Kwenye shingo ya kizazi mionzi ya nje ni ya kawaida, na vinavyochungwa zaidi ni kibofu na utumbo wa haja kubwa. Kwenye titi la kushoto kinachochungwa ni moyo na mishipa midogo inayoulisha. Utafiti wa Darby na wenzake wa mwaka 2013, kwa wanawake wa Sweden na Denmark, ulionyesha hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupanda kwa asilimia 7.4 kwa kila grei 1 ya wastani wa dozi ya moyo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huambiwa wavute pumzi na kuishikilia mashine inapofanya kazi: pafu likijaa, moyo husogea mbali na titi.

Dalili gani zisisubiri?

Kukohoa damu, hata kama ni kijiko kimoja na kikakatika chenyewe. Damu ndogo ya kwanza inaweza kuwa tangulizi ya kubwa. Maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongoni yanayohisi kama kuchanika. Kutapika damu. Damu yoyote kutoka kwenye kidonda cha shingo au mdomoni kwa aliyepigwa mionzi ya shingo. Kuzimia.

Kwa walioko Pemba: usisubiri boti ya asubuhi ili umpeleke Unguja au Dar. Nenda kwanza hospitali iliyo karibu, Abdalla Mzee Mkoani, Chake Chake au Wete, mgonjwa atulizwe na madaktari wapigiane simu. Mlaze kwa ubavu upande wa pafu linalotoka damu, kama unalijua. Chukua na ule muhtasari wa tiba.

Anatumia dawa za kuyeyusha damu na za presha. Aache?

Asiache mwenyewe. Amwambie daktari wa mionzi kila dawa anayomeza, ikiwemo aspirini ndogo ya kila siku na warfarini. Presha isiyodhibitiwa inausukuma ukuta wa mshipa ambao tayari umechoka, kwa hiyo tembe za presha ndizo za kumezwa bila ya kuruka. Dawa ya saratani iitwayo bevacizumab, na nyingine za jamii yake, huchelewesha kupona kwa mishipa na zimehusishwa na kutoka damu kwa wagonjwa waliopigwa mionzi katikati ya kifua. Kama alipewa India au popote, daktari wa mionzi ajue na tarehe ya dozi ya mwisho. Sigara nayo iachwe.

Kuumikwa, au hijama, kunafaa wakati wa tiba?

Wasubiri. Ngozi iliyopitiwa na miale hupona kwa uzito, na kuichanja ni kuufungulia maambukizi mlango. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu anaweza kutoka damu isiyokatika. Aliyepigwa mionzi shingoni asiumikwe shingoni wala kisogoni, hata miaka ikipita, mpaka daktari aseme. Dawa za mitishamba ni hivyo hivyo: leta jina, au leta majani yenyewe, kuliko kuficha. Kombe na dua havina mgongano na mashine.

Alama za wino kwenye ngozi, vipi udhu?

Hukumu yake muulize sheikh wako. Upande wetu ni huu: maji yapite, sabuni isisuguliwe. Alama zikipotea au mtu akazichora upya nyumbani, mgonjwa anaweza kulazwa pabaya kwa milimita kadhaa, na kwenye mionzi ya kulenga dozi hushuka kwa kasi ndani ya milimita hizo hizo. Uvimbe unakosa, mshipa unapata. Kwa bahati nzuri mashine nyingi za tiba hii hupiga picha kabla ya kila kikao na kurekebisha, lakini usiwaongezee kazi.

Akirudi nyumbani, watoto wanaweza kumkaribia?

Ndiyo, siku hiyo hiyo. Mionzi ya nje haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha.

Afuatiliwe mpaka lini?

Madhara ya mishipa huja yamechelewa, kwa miezi na pengine miaka, wakati mtu ameshasahau njia ya kliniki. Kwa uvimbe wa pafu vituo vingi hufanya CT kila baada ya miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kwa nafasi zaidi. Ukifika kwenye CT hiyo, mwambie anayeisoma kwamba aota, au vena kava, ilikuwa jirani na eneo la tiba, na dozi yake ilikuwa ngapi. Anayesoma picha mara nyingi hupewa fomu yenye maneno matatu tu, na asipoambiwa ataangalia uvimbe na kuupita ukuta wa mshipa.